Mwana Aitwaye Mbali

Katika miji ya nchi yetu huonekana siku hizi vijana wakitembea wawili wawili, mashati yao meupe, tai shingoni, na kifuani kibao kidogo chenye jina. Hao ni wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao watu wengi huwaita Wamormoni. Mafundisho yao si yetu, wala hatuandiki ili kuyasifu. Lakini kuna jambo moja kwao ambalo lastahili kufikiriwa na kila jamaa ya Kikatoliki. Mvulana wao aweza kutumwa tangu umri wa miaka 18, naye hutumika miaka 2. Msichana, ambaye mpaka mwaka 2025 alitumwa tangu umri wa miaka 19, hutumika miezi 18. Hachagui nchi aendako. Mshahara hapati, bali yeye na jamaa yake huchangia gharama ya maisha. Tena, mpaka mwaka 2019, desturi yao ilimruhusu kijana kusikia sauti ya wazazi wake kwa simu mara mbili tu kwa mwaka.

Mama mmoja wa huku Songea aliwatazama wakipita, akauliza, "Hawa hawana mama?" Swali hilo si la mzaha. Ndilo swali ambalo kila mzazi hujiuliza siku mwanawe anaposema, "Naitwa." Je, mwana akienda kumtumikia Mungu nchi ya mbali, amewatupa wazazi wake? Na mzazi akimzuia, amemnyang'anya Mungu kilicho chake?

Sisi wa Ruvuma tunayo sababu ya kulijibu swali hili kwa uangalifu, kwa kuwa imani yetu ililetwa na wana wa watu wengine. Mwaka 1898 Padre Cassian Spiss, Mbenediktini wa Shirika la Mtakatifu Ottilien, alianzisha misioni ya Peramiho, mwendo wa kilomita 24 hivi kutoka mjini Songea. Alikuwa mtu wa Austria, umri wake miaka 32. Baada yake walifika mapadre, mabruda na masista, wengi wao wangali vijana. Walikuta lugha wasiyoijua, homa ya malaria, na barua zilizochukua miezi kufika. Mgeni ni kuku mweupe, nao walionekana kila walikokwenda, wasijue bado la kusema wala la kunyamazia. Wengine walizikwa kabla hawajajifunza kuungama watu kwa lugha yao.

Mwaka 1905 Vita vya Maji Maji viliwaka. Cassian Spiss, ambaye tangu mwaka 1902 alikuwa Askofu, aliuawa tarehe 14 Agosti huko Mikukuyumbu, upande wa Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Wote watano walikuwa na wazazi au ndugu ng'ambo ya bahari. Mama yao mtu aliyepokea habari ile hakuwa na kaburi la kulia juu yake.

Lakini kweli haina budi kusemwa yote. Wamisionari hao walikuja katika nchi iliyokuwa chini ya bendera ya Wadachi, na wananchi waliozoea kuona kodi na viboko hawakuweza daima kumtenga padre na serikali. Tena waandishi wa historia ya Wangoni wametuachia habari kwamba padre mmoja wa Peramiho alikichoma moto kibanda cha mahoka cha Nkosi Mputa kule Maposeni, mahali ambapo wazee walikuwa wakiwaomba wahenga wao. Padre yule naye aliuawa mwaka ule ule wa 1905. Na tarehe 27 Februari 1906 wakuu wengi wa Wangoni, Mputa akiwa miongoni mwao, walinyongwa mjini Songea kwa amri ya Wadachi. Basi bidii peke yake haitoshi. Kijana aweza kuacha baba na mama, akavuka bahari, akawa tayari hata kufa, na bado akamwumiza mwenyeji kwa kutojua heshima yake. Jaribu kubwa la mmisionari si homa wala upweke. Ni kule kudhani kwamba, kwa kuwa ametoa mengi, hana tena la kujifunza.

Na thawabu yake je? Wengine huihesabu kwa idadi ya waliobatizwa. Hesabu hiyo ni ya hatari, maana humfanya mtu awatazame wenzake kama mavuno ya shamba lake. Thawabu ya kweli hufika polepole: siku ile mzee anapomrekebisha neno pasipo kumcheka, siku anapoitwa kwenye msiba, asipewe kiti cha mgeni, bali aketi mkekani na wafiwa. Hapo yule aliyekuja kutoa hutambua kwamba amepewa. Na thawabu nyingine huenda asiione kwa macho. Mwaka 1969 Jimbo la Songea lilizaliwa, na Askofu wake akawa mwana wa nchi, James Joseph Komba. Wamonaki wa Hanga, wana wa vijiji vyetu, wamevuka mpaka wakaanzisha monasteri Katibunga, nchini Zambia. Nchi iliyopokea imekuwa nchi itumayo.

Sasa turudi kwa yule mama. Mzazi wa kwetu akisita hatumwiti mchoyo. Aliuza mahindi na kahawa ili mtoto asome. Anajua pia kwamba uzeeni hana fedha ya kumtunza ila mkono wa mwanawe. Amri ya kuwaheshimu baba na mama haikufutwa na wito wowote. Bwana wetu mwenyewe aliwakemea waliosema kwamba mali yao imewekwa wakfu kwa Mungu, kumbe walikuwa wakikwepa kuwasaidia wazazi wao. Kwa hiyo kijana anayeikimbia nyumba yenye mgonjwa asiye na mtu mwingine, huku akiuita ukimbizi wake wito, na ajichunguze kwanza. Vivyo hivyo ajichunguze yule atamaniye kuona miji mikubwa.

Lakini kama wito ni wa kweli na mzigo wa nyumbani waweza kubebwa na wengine, ni nani awabebe wazazi hao? Hapa swali linatoka nyumbani kwa mama, linabisha mlangoni petu sisi sote. Parokia hupiga vigelegele siku ya nadhiri, hula pilau, kisha hutawanyika. Mwaka wa pili paa la yule baba huvuja, wala hapana ajuaye. Hatuna haki ya kuwaomba wazazi wamtoe mwana kwa ajili ya Kanisa, kama Kanisa, yaani sisi jirani zao, hatuwi wana kwao mahali pake. Jumuiya iliyomshangilia mtawa wake na ilime shamba la mama yake.

Basi mwana si mali ya mzazi, wala si mali ya Shirika. Ni wa Mungu, naye Mungu huwakopesha wazazi kwa muda. Kumzuia pasipo sababu ni kukataa kurudisha amana. Kumtoa kisha kuachwa peke yako ni dhuluma, na dhuluma hiyo ni yetu. Siku tutakapoitengeneza, yule mama wa Songea ataweza kumtazama kijana wa watu apitaye njiani, asiulize tena kama ana mama, bali amkaribishe maji ya kunywa, akitumaini kwamba huko mbali kuna mama mwingine amkaribishaye wa kwake.