Mwenye Mizani Asiwe Mwuzaji

Sisi tukaao Turkana twaijua khabari ya kuulizwa baada ya jambo kwisha. Mafuta yaligunduliwa Lokichar mwaka 2012. Mwaka 2018 malori yakaanza kuyapeleka Mombasa, ndipo wenyeji wakayazuia, wakidai usalama na haki yao. Kwa hivyo twatazama kwa makini mambo ya Uyombo, Kilifi, ambako serikali ilikusudia kujenga mtambo wa umeme wa nyuklia. Mwaka 2024 wenyeji waliandamana kuupinga wakakabiliana na polisi. Mwaka 2025 macho ya serikali yakaelekea Siaya, kando ya Ziwa Viktoria.

Swali letu ni hili: nani mwenye haki ya kusema kwamba hatari hii yavumilika?

Wako wasemao kwamba mvuvi na mchungaji hawaijui elimu ya nyuklia, basi jambo hili waachiwe wataalamu. Neno hili ni nusu ya ukweli. Kupima joto la tanuri na unene wa ukuta ni kazi ya mtaalamu. Lakini kiasi gani cha hatari abebeshwe mtu na wanawe ili wengine wapate umeme, hilo si jambo la hesabu. Ni jambo la uadilifu, na mbebaji hana budi kusikizwa.

Tena mtaalamu naye ni mwanadamu. Japani haikukosa wataalamu. Lakini msimamizi wa usalama alikuwa ndani ya wizara ile ile iliyoueneza umeme huo. Baada ya msiba wa Fukushima wa mwaka 2011, tume ya Bunge lao ilitamka mwaka 2012 kwamba msiba ulitokana na wanadamu, kwani serikali, wasimamizi na kampuni walikuwa wameshikana mikono. Marekani ilikwisha kuzitenga kazi hizo mbili kwa sheria ya mwaka 1974.

Kenya nayo imezitenga kwa sheria za mwaka 2019: wakala mmoja aendeleza nishati ya nyuklia, na mamlaka nyingine yaidhibiti na kutoa leseni. Twaisifu hatua hiyo, walakini haitoshi. Mizani iliyofichwa, hata ikiwa sawa, haimpi mnunuzi yakini. Ripoti ya usalama na isomwe hadharani kwa lugha waifahamuyo wenyeji. Pingamizi zijibiwe kwa maandishi kabla ya leseni kutolewa. Na wakisema hapana, hilo nalo lihesabiwe kuwa ni jibu.

Leseni ni amana. Katiba ya mwaka 2010 imetupa haki ya kupata khabari na ya kushirikishwa. Basi kutoka Lokichoggio hadi Kilifi na Siaya, tuidai haki hiyo sasa, kabla msingi haujachimbwa.