Jiliwa, Kutu na Amri ya Saba

Barua imetujia kutoka kwa baba mmoja wa familia, mkaaji wa upande wa Geita, naye ni fundi wa vyuma. Ameomba jina lake lisitajwe, nasi tutaliheshimu ombi hilo. Asema kwamba kwa muda wa miaka sita amekuwa akinunua jiliwa za kale kwa wauza vyuma chakavu, toka Katoro mpaka Kahama na Shinyanga mjini. Huzifungua, huziondoa kutu, huzitengeneza hata zikafanya kazi tena. Nyingine huziuza; nyingine zimemshinda kuziuza kwa jinsi anavyozipenda, na sasa zipo kumi na moja nyumbani kwake, mbili katika hizo zikikaa chini ya kitanda. Mkewe ananung'unika, wala si bila sababu. Lakini kilichomfanya atwandikie ni ile ya kumi na moja. Alipoikwangua rangi alikuta ubavuni herufi za mwenye mali, zilizogongwa kwa patasi, na mtu fulani alikuwa amejaribu kuzifuta kwa tupa. "Padre," auliza, "je, nimetenda dhambi?"

Ukurasa huu tulikuwa tumeuandalia jambo jingine. Tumeliweka kando.

Kwa wasomaji wasioshinda karakanani, jiliwa ndicho kile chombo ambacho mafundi wengi siku hizi wakiita vaisi: taya mbili nzito za chuma zilizofungwa juu ya meza ya kazi, moja imetulia, nyingine husogea kwa kuzungushwa parafujo nene iliyo chini yake. Kazi yake ni kushika, basi. Lakini asiyeshikiwa kazi yake hana mikono miwili, ana mmoja tu. Tumewaona vijana kando ya barabara wakikata bomba huku wamelikanyaga kwa unyayo uliovaa kandambili, msumeno ukipita karibu na kidole gumba. Mwenye kuwa na jiliwa hukata kwa kipimo, hupiga tupa sawasawa, hurudi nyumbani na vidole vyake vyote.

Nchi yetu ya kusini ya Ziwa si ngeni katika kazi ya chuma. Warongo wa Uzinza na Geita waliyeyusha mawe ya chuma kwa makaa na mivukuto tangu zamani, nao Wasukuma walipata kwao majembe, ambayo hayakuwa ya kulimia tu bali yalitolewa hata katika mahari. Jembe la kigeni lilipokuja kwa bei nafuu, matanuri yale yakazimika. Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 13, twasoma kwamba katika Israeli yote hakuonekana mhunzi hata mmoja, kwa kuwa Wafilisti hawakutaka Waebrania wajifulie silaha. Ikawalazimu kuwashukia adui zao kwa ajili ya kunoa majembe na mashoka, tena kwa kulipa. Mwandishi mtakatifu hapotezi maneno. Ataka tuone jinsi taifa linavyofungwa bila minyororo.

Hizo jiliwa anazoziokota msomaji wetu zilikuja kwa njia nyingine. Reli ya kutoka Tabora ilipita Shinyanga ikafika Mwanza mwaka 1928. Mgodi wa dhahabu wa Geita ulianza kazi katika miaka ya 1930, ukafungwa 1966, kabla ya mgodi mkubwa wa sasa kufunguliwa mwaka 2000. Almasi ya Mwadui iligunduliwa na John Williamson mwaka 1940. Kukawa na vinu vya pamba, kukawa na karakana za misioni. Mahali pote hapo palihitajiwa meza ya fundi, na juu ya meza palihitajiwa jiliwa. Nyingi zilitoka Uingereza. Ukikuta neno Record limechomoza ubavuni, hiyo ni ya Sheffield, kazi ya C. & J. Hampton, Parkinson ni ya Shipley, katika Yorkshire. Mara chache aweza mtu kukuta Wilton ya Chicago, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1941 na Hugh Vogl, mhamiaji kutoka nchi ya Wacheki. Huko Uingereza na Marekani wako watu wanaozikusanya jiliwa za namna hii kama wengine wakusanyavyo stempu, na kuzipaka rangi zikang'aa kuliko siku zilipotoka kiwandani. Sisi hatuna shabaha ya kuwacheka. Mtu aliyekaa ofisini mchana kutwa akipata amani jioni kwa kusugua chuma, na ashukuru.

Fundi wetu ameandika kurasa mbili nzima juu ya namna anavyofanya kazi, nasi tumezisoma kwa furaha kuliko tulivyotazamia. Jambo la kwanza, asema, ni kutotumia nguvu. Parafujo iliyokamatwa na kutu haipigwi nyundo, wala mpini hauongezwi bomba ili upate kani. Taya za jiliwa nyingi ni chuma cha kumimina, ambacho ni kigumu lakini hakipindi, hupasuka. Huipaka mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili, akaiacha siku tatu, hata juma zima, akijaribu kidogo kila asubuhi, mbele na nyuma. Ikikubali, huitoa taya isogeayo, huifungua nati iliyo ndani, akaosha uchafu wa miaka hamsini. Kutu nyepesi huondoka kwa brashi ya waya. Kwa kutu nzito hutumia pipa la plastiki lenye maji na magadi ya kufulia, na chaja ya betri ya gari: waya hasi hufungwa kwenye jiliwa, waya chanya kwenye kipande cha chuma cha kawaida kisichogusana nayo, na kutu hulegea yenyewe. Aonya kwamba kazi hiyo ifanywe nje, mbali na moto, kwa maana hewa itokayo katika maji hayo huwaka; wala kile kipande cha pili kisiwe chuma kisichoshika kutu, kwa sababu hutoa sumu ndani ya maji.

Taya ikiwa imepasuka, hainunui. Yasemwa na wachomeleaji wengi kwamba wataiunga, nayo huungika kwa macho. Lakini chuma cha kumimina kisipopashwa moto taratibu kabla, na kupozwa taratibu baadaye, hupasuka tena kando ya kiungo, pengine mkono wa mtu ukiwa karibu. Fundi mwaminifu humwambia mteja hayo kabla ya kupokea fedha. Aya hiyo peke yake ingetosha kuwa hotuba ya Dominika.

Hapa mwandishi wa maneno haya yampasa kukiri jambo, kwa maana hana mikono safi. Mwaka wangu wa kwanza wa upadre nilipewa kazi katika parokia moja yenye karakana ya zamani iliyojengwa na Mabruda. Bruda wa mwisho alikwisha fariki, mlango ulifungwa kwa kufuli, ndani mlikuwa na popo. Tulihitaji chumba cha mafundisho ya Komunyo ya kwanza. Nikaita wanunuzi wa chuma chakavu, wakapima kwa kilo, wakapakia kila kitu, na jiliwa mbili kubwa zikiwemo. Tukanunua viti vya plastiki.

Baada ya juma moja akaja mzee mmoja, bawaba ya mlango mkononi.

"Mwangaluka, Baba. Naomba niitumie jiliwa ya Bruda kidogo."

"Tumeiuza, Mzee."

"Kwa nani?"

"Kwa watu wa vyuma chakavu."

Akanyamaza. Kisha akasema, pasipo hasira, "Bruda alitukataza hata kuigonga na nyundo." Akaenda zake na bawaba yake. Ndipo nilipouliza, nikaambiwa kwamba mzee yule alijifunza ufundi juu ya meza ile akiwa kijana, na kwamba madirisha ya kanisa ninamohubiri aliyatengeneza yeye. Viti vile, nusu yake vimekwisha vunjika.

Nilisoma falsafa na teolojia katika seminari kuu, nikafaulu mitihani. Sura ya 38 ya Yoshua bin Sira niliisoma pia: ile inayomwonyesha mhunzi ameketi kwenye fuawe, moto ukimkausha mwili, macho yake yakikazia umbo la kazi yake, na inayokubali kwamba watu kama hao hawakai katika baraza la wakuu, lakini pasipo wao mji haukaliki. Niliisoma, lakini sikumwona mzee yule ndani yake.

Basi, tujibu. Kwanza juu ya zile kumi. Kununua chombo kilichotupwa na kukirudishia kazi si tamaa. Bwana wetu, alipokwisha kuwashibisha makutano, aliwaamuru wanafunzi wakusanye vipande vilivyosalia, kisipotee kitu; naye ndiye aliyeweza kuumba mikate mingine kwa neno moja. Alilelewa katika nyumba ya fundi, kwa Yosefu, ambaye Papa Pio XII mwaka 1955 alimwekea sikukuu ya Mei mosi kama mfanyakazi. Hatudhani katika nyumba ile patasi zilitupwa kwa sababu mpini umevunjika.

Hata hivyo mama wa nyumba ana haki ya kusikilizwa. Atwambia fundi mwenyewe, kwa unyofu, kwamba mwezi wa Januari alinunua jiliwa ya kumi wakati daftari za watoto zilikuwa hazijanunuliwa. Mtume Yakobo awaambia matajiri kwamba dhahabu yao imeliwa na kutu, na kutu hiyo itawashuhudia. Mtu wa Geita atacheka, maana ajua dhahabu haishiki kutu. Ndivyo hasa: kinachooza si madini, ni haki ya mtu mwingine iliyofungiwa pamoja nayo. Jiliwa iliyotengenezwa vizuri, ikakaa chini ya kitanda isishike kitu, imeponywa kutu moja ikapewa nyingine. Tena rangi za zamani mara nyingi zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru watoto hasa. Basi ukwanguzi ufanyike nje, rangi ikiwa imeloweshwa, na vyombo vitoke chumba cha kulala. Kwa hilo mke ana haki hata kama hakujua sababu.

Twamshauri abaki na moja aipendayo kuliko zote, hatumdai sababu. Nyingine auze kwa bei ya haki, na mbili au tatu awape vijana aliowafundisha, walipe kidogo kidogo. Katika ukanda wetu kijana mwenye nguvu huvutwa na shimo la dhahabu mapema sana, naye hatulii kujifunza kazi ya miaka mitatu wakati rafiki yake anasimulia habari za mfuko mmoja wa mawe uliompatia pikipiki. Hatuwahukumu wachimbaji wadogo. Wengi ni wakristu wema, na kazi yao ni ngumu. Lakini mashine za kusaga mawe huharibika kila siku, na yule azitengenezaye hulipwa mgodi ukitoa au usipotoe. Kijana mwenye jiliwa yake mwenyewe ana neno la kumjibu yule rafiki.

Sasa ile ya kumi na moja. Aliponunua hakujua, dhambi haipo pasipo kujua na kukubali. Lakini tangu alipoziona zile herufi hawezi tena kusema hakujua. Ni kweli kwamba huenda mwenye mali aliiuza kwa halali alipofunga karakana yake, kama mimi nilivyofanya, kwa upumbavu lakini bila wizi. Lakini auzaye kwa halali ana sababu gani ya kufuta jina kwa tupa? Penye shaka kama hiyo yampasa mtu kuuliza. Kama itathibitika iliibiwa, ni mali ya mwenyewe nayo irudi, hata kama fundi aliilipia. Fedha yake aidai kwa yule aliyemwuzia. Gharama ya mafuta, msasa na siku za kazi aweza kumwomba mwenye mali kwa haki, kwa kuwa aliitengeneza kwa nia njema, akimrudishia kitu bora kuliko kilichopotea. Asipopatikana mwenyewe, baada ya kutafutwa kwa bidii, fundi hana deni. Kinachokatazwa kabisa ni kumalizia kazi ya tupa ile, kuzifuta herufi zilizobaki na kuipeleka sokoni. Hapo angekuwa mshiriki wa mwizi mbele ya Mungu, na sheria ya nchi nayo yahesabu kupokea mali ya wizi kwa kujua kuwa ni kosa.

Aogopa, asema, kwamba akienda kuuliza ataitwa mwizi yeye. Hofu hiyo si ya bure, tumeyaona yakitokea. Basi asiende peke yake. Amwendee paroko wake amweleze, paroko apeleke habari kwa wenye herufi zile, bila kutaja jina mpaka jibu lipatikane. Mapadre wamekuwa wakirudisha vitu vya watu kwa njia hiyo tangu zamani, na wengi wenu mmepokea bahasha bila kujua imetoka wapi. Aandike tarehe, mahali na bei aliyonunulia, ashuhudiwe na mkewe. Kwa muda huu asiitumie wala asiiuze. Aifunge kwa gunia na kuiweka mahali pakavu, na grisi aliyoipaka kwenye parafujo asiifute.