Jumatano: Visima vya Isaka na Mnada wa Simu

Soma Mwanzo 26:15–22. Isaka alifanya nini wachungaji wa Gerari walipodai kisima kilichochimbwa na watumishi wake?

Jijini Arusha mnada haufanyiki tena sokoni peke yake. Muuzaji wa mitumba hupiga picha gauni, huliweka kwenye kundi la WhatsApp na kutaja bei ya kuanzia. Wateja hupandishana mpaka saa iliyopangwa. Mshindi hutuma fedha kwa simu, na mzigo hupelekwa kwa bodaboda.

Hapo ndipo hila huingia. Mmoja hutumia laini ya pili kupandisha bei ya bidhaa yake mwenyewe. Mwingine huingia kwenye mnada wa mshindani kwa jina la bandia, hutaja bei kubwa kuliko wote, kisha halipi. Wateja wa kweli wamekwisha kuondoka. Mwingine huandika kwamba jirani yake ni tapeli. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kutoa taarifa za uongo kwa nia ya kupotosha umma, lakini amri ya tisa ilitangulia (Kutoka 20:16). Ushuhuda wa uongo haupungui uzito kwa kuandikwa kwenye simu.

Jaribu kubwa zaidi humpata aliyetendewa. Kodi ya kibanda inadaiwa, ada ya shule inadaiwa, na laini ya pili anayo mfukoni. Kwa nini asilipize?

Wakulima wa miteremko ya Mlima Meru wanajua jinsi maji ya mfereji yanavyoweza kugombanisha majirani. Isaka alipoteza kisima cha Eseki, kisha cha Sitna. Hiyo ilikuwa hasara ya kweli. Visima vya baba yake vilikuwa vimefukiwa, lakini yeye hakufukia cha mtu. Alichimba tena, mpaka Rehobothi, akakiri kwamba Bwana ndiye aliyempa nafasi. Kwa muuzaji, kuchimba tena ni kuonyesha doa la nguo kwenye picha na kuacha bei ipandishwe na wanunuzi tu.

Na aliyekwisha kudanganya? Zakayo hakuishia kwenye majuto. Alirudisha (Luka 19:8). Aliyemchafulia jirani jina mbele ya kundi zima anapaswa kumsafisha mbele ya kundi hilohilo.

Jadilini darasani: Ni wakati gani kuondoka kimya kama Isaka ni imani, na ni wakati gani inampasa mtu kumwendea ndugu aliyemkosea (Mathayo 18:15)?