Haki Isiyoshikika kwa Mkono

Jueni, ndugu zangu, ya kuwa katika michezo ya kompyuta uko mmoja uitwao The Sims 4, wa kampuni ya Electronic Arts. Mchezo wenyewe hutolewa bure tangu tarehe 18 Oktoba 2022; lakini nyongeza zake huuzwa, iliyo kubwa kwa kiasi cha dola 40, na zote pamoja kwa bei kamili hupita dola 1,000. Basi wametokea watu wakatunga programu ndogo ya kuzifungulia. Kazi yake ni moja: mchezo unapouliza, "Je, huyu amenunua?" yenyewe hujibu, "Naam, amenunua." Kabla hatujauliza kama ni wizi au si wizi, huu ni ushahidi wa uwongo.

Mwenye kufanya hivi ana hoja, nayo si ya kudharauliwa. Husema: "Sikumpunguzia mtu kitu. Mwenye nyongeza angali nayo, nimechukua nini?" Hoja hii ina nguvu kwa adhaniye kuwa mali ni kitu cha kushikwa mkononi tu. Ama sisi Mashafii, manufaa nayo kwetu ni mali. Mtu akiingia nyumba ya mwenziwe bila idhini, akakaa mwezi, kisha akatoka asiharibu hatta msumari, kodi ya mwezi ule i juu yake, ingawa nyumba i pale pale. Na Imamu Nawawi katika Minhaj, alipoeleza maana ya ghasbu, alitaja haki ya mtu, hakutaja mali peke yake. Wanazuoni wa Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu nao, walipokutana Kuwait mwezi wa Desemba 1988, walikata shauri kuwa haki za utunzi na uvumbuzi ni mali ya wenyewe, wala haijuzu kuzivamia.

Wengine hulalamikia bei. Nami naiona nzito, wala simsifu muuzaji kwa ukarimu. Lakini mchezo si chakula cha mwenye njaa hatta tutaje dharura.

Na khasara ya dunia je? Programu hizi aghalabu humtaka mtu kwanza azime kinga ya kompyuta yake. Ni mgeni asiyekubali kuingia ila bawabu afukuzwe. Mwezi wa Juni 2023, katika nyongeza za mchezo wa Minecraft zilizowekwa mahali panapojulikana na kuaminiwa, ilionekana programu mbovu iliyoitwa fractureiser, ikiiba maneno ya siri ya watu. Ikiwa mlango wa mbele uliingiliwa, wa uani utakuwaje? Tena duka likigundua laweza kufunga akaunti, na alivyonunua mtu kwa halali vikazuilika pamoja na vya haramu.

Atakaye kucheza ana njia. Nyongeza hizi hupunguzwa bei mara kwa mara, hatta nusu, na asubiri. Au achukue The Battle for Wesnoth, au 0 A.D., michezo ambayo wenyewe wameruhusu inakiliwe bure.

Ama aliyekwisha kufungua, aiondoe programu ile na alipe. Je, bei ya punguzo yamtosha? Mimi naona iliyomlazimu ni bei ya siku ile aliyofungua. Akinunua siku ya punguzo, tofauti ingali deni, ila mwenyewe asamehe.