Sindano ya Kupunguza Njaa: Je, ni Kukwepa Msalaba?



Kijana mwenzangu, huku kwetu Kilosa mtu akinenepa tunasema kanawiri. Akizidi, tunamwita kibonge na kumhukumu: mlafi huyo! Sasa kuna dawa ya semaglutaidi, sindano ya mara moja kwa wiki, na nasikia watu wakisema eti kuitumia ni kukwepa msalaba; afunge tu.

Mimi naona tusikimbilie kuhukumu. Ulafi ni kichwa cha dhambi, kweli. Lakini ulafi ni uamuzi wa moyo. Njaa ni ishara ya mwili. Tukila, utumbo hutoa homoni inayouambia ubongo kwamba imetosha. Dawa hii huiga homoni hiyo. Inatuliza njaa, basi. Fadhila ya kiasi haimo ndani ya sindano. Basi likisimama Mikumi na nyama choma inanukia, hakuna dawa itakayokufanya umkumbuke jirani asiye na hela ya kula.

Swali gumu zaidi ni la haki. Marekani iliiruhusu kwa kisukari mwaka 2017, kwa unene mwaka 2021, na ni ghali. Anayeitaka apendeze tu kwenye picha ajiulize: mgonjwa gani ataikosa? Ila aliyeandikiwa na daktari asione aibu. Kuutunza mwili, hekalu la Roho Mtakatifu, siyo udhaifu.

Wiki hii tufunge neno moja: kibonge. Mungu atusaidie.