Dhamiri na Mtoto wa Jirani

Katika Torati ya Musa imo sheria moja ambayo wengi wetu huisoma upesi na kuipita. Nyumba za Wayahudi zilikuwa na dari bapa, na watu walikuwa wakipanda juu yake kupumzika. Basi, ajengaye nyumba mpya aliamriwa kuizungushia dari yake ukuta mdogo, mtu asije akaanguka akafa, na hatia ya damu ikaishukia nyumba ile. Nyumba ilikuwa yake, na fedha ilikuwa yake. Hata hivyo Mungu hakumwachia peke yake shauri la ukuta. Maana dari ni ya mwenye nyumba, lakini shingo itakayovunjika ni ya mgeni.

Sheria hiyo yafaa ikumbukwe tunapoyatazama mambo ya Marekani. Huko, tangu zamani, majimbo yamedai mtoto achanjwe kabla ya kuingia shule. Mwaka 1905 Mahakama Kuu ya nchi ile iliamua kwamba serikali yaweza kuamuru watu wachanjwe ndui, na mwaka 1922 ikaamua kwamba mtoto asiyechanjwa aweza kukataliwa shuleni. Hata hivyo majimbo mengi humruhusu mzazi kukataa kwa ajili ya dini yake, na mengine kwa sababu ya dhamiri tu. California iliifuta ruhusa ya namna hiyo mwaka 2015, New York na Maine mwaka 2019, Connecticut mwaka 2021; zikaacha ile ya daktari peke yake. Mahali pengine ruhusa zimezidi kuombwa. Katika mwaka wa masomo 2024–2025, asilimia 3.6 ya watoto walioanza shule za awali nchini humo walikuwa na ruhusa ya kukosa chanjo moja au zaidi. Waliochanjwa surua walikuwa asilimia 92.5, ambapo waganga husema yatakiwa kama 95 ili ugonjwa huo usienee.

Matunda yake yalionekana Texas, ambako tangu mwaka 2003 sheria yamruhusu mzazi kukataa kwa sababu ya dhamiri. Januari 2025 surua ilizuka magharibi ya jimbo hilo, mahali ambapo wengi hawakuchanjwa. Ilipotangazwa kwisha mwezi Agosti, watu 762 walikuwa wameugua, na watoto wawili wa umri wa shule, ambao hawakuchanjwa, walikuwa wamekufa. Hatuandiki haya ili kuwahukumu wazazi waliofiwa. Msiba wao watosha, nasi twawaombea.

Lakini neno dhamiri limetajwa, nalo ni neno la Kanisa; hatuwezi kulipita kimya. Kanisa lafundisha kwamba mzazi ndiye mlezi wa kwanza wa mtoto, na kwamba haifai mtu ashurutishwe kutenda kinyume cha dhamiri yake. Lafundisha pia kwamba dhamiri si matakwa ya moyo. Yapasa ifunzwe na kuitafuta kweli.

Wako Wakatoliki wenye shaka ya kweli, kwa kuwa baadhi ya chanjo, kama ile ya rubela, hutengenezwa kwa seli ambazo asili yake ni mimba zilizotolewa katika miaka ya 1960. Shaka hiyo si ya kudharauliwa, maana kumwua mtoto tumboni ni dhambi kubwa. Akademi ya Kipapa ya Uhai iliipima mwaka 2005, na tena mwaka 2017, ikajibu kwamba mzazi asiye na chanjo nyingine aweza kuitumia hii kwa dhamiri safi. Desemba 2020, juu ya chanjo za korona, Roma ilisema kwamba kwa kawaida kuchanjwa si wajibu wa lazima, bali ni hiari. Lakini palepale ikaongeza kwamba anayekataa kwa dhamiri hana budi kujitahidi kwa kila njia asiwe mchukuzi wa ugonjwa kwa wengine. Huo ndio ukuta wa dari. Dhamiri ina haki yake, na ina deni lake.

Je, deni hilo hulipwaje kwa surua? Mzazi atasema: mwanangu akiugua nitamweka nyumbani. Lakini mwenye surua huanza kuambukiza siku nne kabla ya vipele kutokea, wakati mama anadhani ni mafua tu, na vijidudu vyake hudumu hewani hata saa mbili baada ya yeye kuondoka. Darasani ataketi karibu na nani? Pengine na mtoto mwenye saratani ya damu, ambaye kwa dawa anazotumia hawezi kupewa chanjo hii. Au na mwenzake atakayerudi nyumbani kumbeba mdogo wake asiyefikia umri wa kuchanjwa. Hao hawakutia sahihi karatasi yoyote. Ukuta wao ni watoto wengine waliochanjwa, na kila ajitoaye bila sababu huondoa tofali moja.

Kwa hiyo twasema wazi: Mkatoliki asiseme shuleni kwamba dini yake yamkataza chanjo, kwa maana haimkatazi. Kama ana hofu, aiite hofu, aipeleke kwa daktari. Kama ana shaka ya roho, aipeleke kwa padre wake. Na yule ambaye baada ya hayo yote bado hawezi, alilipe deni lake: mtoto wake akikutana na ugonjwa, amweke nyumbani zile siku 21 ambazo waganga hutaka, bila manung'uniko, wala asiwafiche majirani. Nao wenye mamlaka wakumbuke kwamba mzazi mwenye hofu huvutwa kwa maelezo ya upole, si kwa matusi.

Nasi huku, ambako mama huenda kliniki na kadi ya mtoto, tusidhani mambo haya ni ya Wamarekani tu. Wako wanaompeleka mtoto kwa chanjo ya surua ya miezi 9, wakaisahau ile ya miezi 18. Tundu ukutani ni tundu, liwe la kukataa au la kusahau.

Kaini alipoulizwa habari za ndugu yake, alijibu kana kwamba hazimhusu. Nasi siku moja tutaulizwa habari za watoto, wala si za wale tuliowazaa peke yao. Mungu atujalie tuwe na jibu.