Sauti ya Mwanamke Mnarani



Arthur Conan Doyle anajulikana kwa Sherlock Holmes, mpelelezi mashuhuri kuliko wote wa vitabuni. Alipokwisha kumuua Holmes kwenye maporomoko ya Reichenbach, katika hadithi ya mwaka 1893, aliendelea kuliandikia jarida la Strand la London hadithi fupi za mafumbo na za kutisha ambazo Holmes hayumo. Mojawapo ni "The Japanned Box" ya mwaka 1899. Nimekaa nayo juma hili pamoja na sura ya kwanza ya Samweli wa Kwanza, na sikuweza kuzitenganisha.

Mwalimu wa watoto anafika Thorpe Place, jumba la Sir John Bollamore, bwana mkimya aliyefiwa na mkewe. Zamani bwana huyu alikuwa mlevi na mcheza kamari aliyeogopwa, na mkewe ndiye aliyemtoa huko. Sasa ana chumba chake mnarani ambacho watu hawaingii. Usiku sauti ya mwanamke inasikika kutoka huko juu, na hakuna mwanamke aliyeonekana akipanda ngazi. Waliomo nyumbani wanaanza kutazamana. Mtu wa zamani ni yule yule, wanaona; kajificha tu.

Hatimaye yule mwalimu anapitiwa na usingizi mahali ambapo Sir John hajui kwamba yumo. Anapozinduka, anamwona akifungua kisanduku cheusi cha kung'aa, na sauti ile inatoka humo. Ni kinasa sauti, chombo ambacho Edison alikuwa amekibuni mwaka 1877. Mkewe alisema ndani yake kabla ya kufa, akimsihi mumewe awe na nguvu mpaka watakapoonana tena. Kwa sauti hiyo Sir John anapigana na pombe, siku baada ya siku.

Tazameni jinsi shutuma ile ilivyojengwa. Sauti ilikuwa ya mwanamke, kweli. Mlango ulikuwa umefungwa, kweli. Bwana yule aliwahi kuwa mlevi, kweli. Hakuna aliyetunga hata neno moja, na bado walichokiamini kilikuwa uongo mtupu. Nasema haya kwa uchungu kwa sababu masengenyo yanayovunja nyumba zetu mara nyingi hayaanzi na uongo. Yanaanza na mtu aliyeona kitu kweli, akakijazia mwenyewe sehemu asiyoiona.

Doyle alijua nyumba yenye mlevi inavyokuwa. Baba yake, Charles, mchoraji mwenye kipaji, alilemewa na pombe, akaishi miaka yake ya mwisho katika hospitali za wagonjwa wa akili, akafa 1893. (Najua pia kwamba baadaye Doyle aligeukia vikao vya kuita roho za wafu. Hapo siwezi kumfuata, na nawaombeni msimfuate.)

Lakini alifanya jambo moja ambalo kila mzee wa kanisa angepaswa kulijua. Katika kijiji cha Great Wyrley, Uingereza, kasisi wa Kianglikana alikuwa Shapurji Edalji, Mparsi kutoka India. Mwaka 1903 mwanawe George, mwanasheria kijana, alihukumiwa kifungo cha miaka 7 kwa kosa la kukatakata farasi usiku, baada ya barua nyingi zisizo na jina. Doyle alipokutana naye, alimkuta akisoma gazeti akiwa amelisogeza karibu kabisa na uso. Akiwa daktari aliyesomea macho, alitambua mara moja: mtu huyu haoni vizuri, angewezaje kuvuka mashamba gizani na kumshika farasi? Akaandika magazetini mwanzoni mwa 1907, na Mei mwaka huo George akasamehewa, bila senti moja ya fidia. Macho yale mabovu yalikuwa wazi kwa kila mtu tangu siku ya kwanza ya kesi.

Sasa twende Shilo. Eli, kuhani, ameketi karibu na mwimo wa hekalu. Anamwona Hana, mwanamke asiye na mtoto, akiomba: midomo inacheza, sauti haisikiki. Anahitimisha kwamba amelewa, tena anamkemea. Ni kuhani anayefanya hivi, wapendwa, mtu wa kazi yangu. Kilichomwokoa Eli ni kwamba alimsemesha Hana mwenyewe, kisha akanyamaza akasikiliza jibu. Pale Thorpe Place hakuna aliyekuwa na ujasiri huo.

Na Hana hakumweleza kila kitu. Alisema ana huzuni, kwamba anaimimina nafsi yake mbele za Bwana. Habari ya mtoto hakuitaja. Eli hakudai aambiwe. Akambariki, akamwombea apewe haja yake asiyoijua. Napapenda sana mahali hapa, kwa sababu katika hadithi ya Doyle yule mwalimu alipoteza kazi kwa kuijua siri ya Sir John. Yako maumivu ambayo mtu hawezi kuyabeba tena mwingine akishayaona.

Wazee wa mitaa, mkija ofisini na jina la mtu juma hili, nitawauliza kwanza kama mmeshazungumza naye. Kama bado, tutakwenda pamoja kwake, na akitaka kutuambia machache tu, tutaomba naye kwa hayo machache.